Lenzi za kampuni nyingine kwenye miralesi mpya: tunaumia, na kila tunayemuuliza anaturuka

Wakuu, hili nimelibeba kifuani muda mrefu, leo nalitoa. Nina hasira na sioni sababu ya kuificha.

Tumeshawishiwa kwa miaka sasa tuachane na DSLR, zile kamera zenye kioo ndani, tuhamie kwenye kamera zisizo na kioo ndani, hizi miralesi. Tukaambiwa, lenzi zako unaendelea nazo, chukua adapta tu, kile kipande cha kuunganisha lenzi ya zamani na kamera mpya. Kwa lenzi zilizotengenezwa na kampuni ileile ya kamera, kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini wengi wetu tumeanzia kwenye lenzi za Sigma, Tamron na Tokina kwa sababu ndizo mfuko uliziweza, na picha zake ni nzuri. Kwetu sisi ahadi ile ina mashimo, na hakuna aliyetuonyesha mashimo hayo kabla hatujalipa.

Yangu ni hii. Nilinunua bodi mpya, yaani kamera bila lenzi, na adapta dukani Kariakoo, nikauliza waziwazi kama lenzi yangu ya kampuni nyingine itafanya kazi. Muuzaji akaifunga, akapiga picha mbili tatu pale kaunta, akasema unaona, iko sawa. Kwenye mwanga wa mchana wa dukani, kitu kimesimama, kweli iko sawa. Ukumbini usiku, maharusi wanaingia, taa zinabadilika rangi, lenzi ikawa inakwenda mbele inarudi nyuma kutafuta fokasi, yaani ukali wa picha, na haiipati. Halafu kamera ikaganda na ujumbe kwamba mawasiliano na lenzi yamekatika, nisafishe viunganishi. Viunganishi visafi. Nikatoa betri, nikairudisha, na wale watu walishafika meza kuu. Ile hatua ya kuingia ukumbini hairudiwi, wakuu. Mama wa bibi harusi ananiuliza picha za mwanawe akiingia, mimi nimjibu nini?

Nikaanza kupigwa danadana. Dukani: tatizo ni lenzi. Wahusika wa lenzi: subiri famuwea (programu ya ndani ya kifaa) mpya, au ni adapta. Wahusika wa kamera: sisi hatuhusiki na lenzi za kampuni nyingine. Wote watatu hela yangu wamekula. Majina siweki, kwa sababu wengi mnafahamu kwamba hadithi hii inajirudia kwa chapa zaidi ya moja.

Sasa kwa nini inatokea? Tuelezane, maana wapo wanaodhani ni uzembe wa mpiga picha.

Lenzi ya kisasa inaongea na bodi muda wote kupitia zile pini za dhahabu. Inajitambulisha, inasema iko milimita ngapi, fokasi imefika wapi, tundu la mwanga limefunguka kiasi gani. Lugha hiyo ni siri ya mwenye kamera. Canon walipoleta maunti (sehemu ya kufungia lenzi) ya EF mwaka 1987 hawakuigawa lugha yake kwa watengenezaji wengine, kwa hiyo hao wengine wakabaki kuisoma kwa nje na kuiga, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani ukutani. Kilichokuwa kinaulizwa na kamera za wakati ule walikisikia. Kitakachoulizwa na kamera ya miaka kumi mbele hawana namna ya kukijua. Wakongwe mnakumbuka lenzi za Sigma za enzi ya filamu zilivyokuwa zikitoa ujumbe wa hitilafu, Err 99, kwenye kamera za Canon EOS za dijitali. Ugonjwa huu ni wa zamani, sasa umehamia kwenye miralesi ukiwa na nguvu zaidi.

Nguvu zaidi kwa sababu otofokasi yenyewe, yaani kamera kujitafutia fokasi, imebadilika. Kwenye DSLR kuna sensa ya pembeni inayopima fokasi imekosea kiasi gani, kisha inaiamrisha lenzi: ruka hadi pale. Mota za lenzi zile ziliundwa kwa ajili ya kuruka. Kwenye miralesi sensa kuu, ileile inayopiga picha, inapima muda wote na kuitaka lenzi isogee vipande vidogo vidogo, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kupumzika, hasa ukiwa unafuata jicho au unapiga video. Mota iliyozoea mruko mmoja mkubwa, na chipu inayobahatisha lugha, vikikutana hapo ndipo unapata ile kuyumbayumba. Ongeza kitulizaji cha mtikisiko kilichomo ndani ya bodi, ambacho kinahitaji kuambiwa kwa usahihi lenzi ina milimita ngapi. Ongeza pia masahihisho ya giza la pembeni mwa picha na ya rangi ambayo bodi inayafanya kwa kufuata jina la lenzi, wakati lenzi nyingine zimejitambulisha kwa jina la kuazima. Sigma wenyewe waliwahi kuwataka watumiaji wa Canon wayazime masahihisho hayo.

Hayo ni ya kiufundi, na kwa kiasi fulani nayaelewa. Kinachoniwasha ni yale yanayofanywa kwa makusudi.

Mwaka 2022 Viltrox, watengenezaji wengine wa lenzi, waliacha kuuza lenzi zao za otofokasi za RF, maunti ya miralesi za Canon, na Canon wakathibitisha kwamba waliwataka waache, hoja ikiwa hataza na haki za ubunifu. Sawa, sheria ni sheria. Lakini maunti hiyo ilitoka 2018, na ilichukua hadi 2024 kusikia Sigma na Tamron wameruhusiwa rasmi, tena lenzi zilizotangazwa zikawa za sensa ndogo, APS-C, peke yake. Aliyenunua bodi ya fremu kamili, yenye sensa kubwa, kwa mamilioni akabaki anaangalia. Achukue RF za Canon kwa bei ya Canon, au arudi kwenye lenzi za EF na adapta, yaani arudi kwenye shida niliyoanza nayo.

Sony wanasifiwa kwa uwazi, na sifa hiyo wanastahili kwa sehemu, maana tangu 2011 walitoa taarifa za msingi za maunti yao ya E kwa watengenezaji waliokubali masharti. Lakini nunua kamera yao ya A1 yenye picha 30 kwa sekunde, au A9 III yenye 120, funga lenzi ya Sigma au Tamron: mwisho wako ni 15. Watasema ni usalama wa otofokasi. Basi kwa nini kikomo ni kilekile kwa lenzi iliyotoka jana yenye mota ya kasi na kwa lenzi ya zamani inayojikokota? Na Sony ni miongoni mwa wanahisa wakubwa wa Tamron! Mtu unalipia kasi kwenye bodi, halafu unaipoteza kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye lenzi.

Nikon nao, adapta ya FTZ ya miralesi zao haina mota ya kuzungusha lenzi za AF-D, zile za zamani zisizo na mota ndani, kwa hiyo otofokasi ya hizo inakufa kabisa, ziwe za Nikon au za wengine. Tamron ilibidi watoe tangazo mwaka 2018 kuhusu lenzi zao zisizofanya kazi sawa kwenye kamera ya Nikon Z7 kupitia adapta hiyo. Angalau walisema.

Na tiba ya "sasisha famuwea" inayotajwa kila mara, jamani. Kusasisha lenzi hizi za DSLR unahitaji kifaa cha kuiunganisha lenzi na kompyuta, USB Dock ya Sigma au TAP-in Console ya Tamron, kila moja inauzwa peke yake, inakubali lenzi za vizazi vya karibuni tu, na kila maunti ina yake. Mwenye lenzi ya zaidi ya hapo hana tiba. Duka lililomuuzia lenzi halina kifaa hicho, halijui hata kinafananaje.

Ninachotaka si msaada wa bure. Mtengenezaji wa kamera aandike kwenye boksi kasi ya juu kwa lenzi zisizo zake, kwa herufi zinazosomeka, siyo kwenye tanbihi za tovuti. Mtengenezaji wa lenzi atoe orodha ya bodi alizozijaribu, na aiongeze kila bodi mpya inapotoka. Na muuzaji asiseme "iko sawa" kwa picha mbili za kaunta. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na FCC, Tume ya Ushindani, wapo. Kauli ya kaunta iandikwe kwenye risiti: lenzi hii, bodi hii, otofokasi inafanya kazi, ikishindwa ndani ya siku kadhaa inarudi. Muuzaji akikataa kuandika, ondokeni na hela yenu.

Wenye shida kama yangu wekeni hapa bodi, lenzi, adapta na toleo la famuwea, na mseme tatizo linatokea kwenye picha, kwenye video au kote. Waliofanikiwa pia waseme, kwa undani uleule. Kesho asubuhi narudi Kariakoo na lenzi, bodi na risiti, na nitawaandikia jibu watakalonipa.