MJADALA: XML ya mapokezi ya kakao, je, mzigo umjue mkulima wake ndani ya Java?

Mtoa mada, Kyela

Wakuu, salaam. Naleta hoja kwa wanaoandika mifumo ya AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya mazao) huku Nyanda za Juu Kusini. Tuchukulie faili la XML (data iliyopangwa kwa elementi zinazokaa moja ndani ya nyingine) la mapokezi ya kakao linakaa hivi; kodi hapo ni alama ya kutambulisha chama, si ushuru, na loti ni fungu la kuuzia:

```
<amcos kodi="A07">
  <mkulima id="M112">
    <mzigo kilo="46.5" loti="L3"/>
  </mkulima>
  <loti id="L3"/>
</amcos>
```

Ukilisoma kwa JAXB (maktaba inayogeuza XML kuwa vitu vya Java na kinyume chake) unapata Amcos yenye orodha ya Mkulima, na kila Mkulima ana orodha ya Mizigo. Kushuka ni rahisi. Kupanda ndiko kwenye kazi: ukishika Mzigo mmoja huna njia ya kujua ni wa nani, maana JAXB hujaza kile tu kilichoandikwa, na hapo umiliki umeonyeshwa kwa mzigo kukaa ndani ya mkulima, basi.

Hoja yangu ni kwamba vyama vyote vitumie mpangilio mmoja, na programu zote zihakikishe mtoto anamjua mzazi. Ndani ya klasi ya Mzigo:

```
@XmlTransient
private Mkulima mkulima;

void afterUnmarshal(Unmarshaller u, Object mzazi) {
  if (mzazi instanceof Mkulima) mkulima = (Mkulima) mzazi;
}
```

JAXB huiita metodi hiyo yenyewe kila inapomaliza kusoma mzigo. Hela ya mkulima inapita kwenye kiungo hiki, kwa hiyo kisiachiwe kila mwandishi wa programu aamue peke yake.

Uyole, Mbeya

Nakuunga mkono, lakini wanaoiga msimbo huo wajue unapokatikia. Jina la metodi na aina za vigezo lazima viwe hivyo hivyo. Ukikosea herufi moja hupati hitilafu yoyote. Metodi haiitwi tu, na mkulima anabaki null, yaani tupu. Vivyo hivyo kwa Unmarshaller, kisomaji cha JAXB: JAXB iliondolewa ndani ya JDK (kifurushi cha kutengenezea programu za Java) kuanzia Java 11, na matoleo mapya yanatumia jakarta.xml.bind. Klasi yako ikiagiza javax huku maktaba ni ya jakarta, metodi haitatambuliwa, na anotesheni (zile alama za @) nazo hazisomwi.

Pili, @XmlTransient (alama ya kuiambia JAXB iiruke fildi) juu ya fildi haitoshi kama hujaweka @XmlAccessorType(XmlAccessType.FIELD). Kwa kawaida JAXB huangalia pia geta na seta (metodi za kusoma na kuweka thamani) za wazi, kwa hiyo itamwona mkulima kupitia getMkulima(). Siku ya kuandika XML itazunguka mkulima, mzigo, mkulima, hadi ikatae ikisema imekuta mzunguko. Na wanaotumia @Data ya Lombok (maktaba inayokuandikia metodi za kawaida) wamtoe mkulima kwenye toString, equals na hashCode, la sivyo metodi zitaitana bila kikomo na watakutana na StackOverflowError.

Tatu, usifanye hesabu ndani ya afterUnmarshal. Wakati huo mzigo haujaingizwa kwenye orodha ya mkulima, na elementi zinazofuata za mkulima hazijasomwa. Hifadhi kiungo, toka.

Kihesa, Iringa

Napinga, ndugu zangu. Orodha hiyo ya mitego inaonyesha kwamba kiungo cha kupanda kina gharama kubwa kuliko faida. Anayelipa tayari amemshika mkulima anapozunguka kwenye mizigo yake. Aandike `lipa(mkulima, mzigo)` na mambo yameisha. Mzigo ukimshika mkulima, na mkulima akiishika AMCOS, ukihifadhi mzigo mmoja tu kwenye kumbukumbu umezuia mti mzima wa data usifutwe. Kwa faili la msimu mzima kwenye mashine ndogo ya ofisi ya kijijini, hilo si jambo dogo.

Halafu wengi hawaandiki klasi kwa mkono. xjc, zana ya JAXB, huzitengeneza kutoka kwenye skima (faili la kanuni za muundo wa XML), na ukizitengeneza upya, metodi uliyochomeka inafutika.

Uyole, Mbeya

La xjc lina dawa: andika klasi inayorithi Unmarshaller.Listener, isajili kwa setListener, na kazi hiyo ifanyike nje ya klasi zilizotengenezwa. Fildi ya mkulima bado unaihitaji, au uweke pembeni ramani ya IdentityHashMap inayooanisha kila mzigo na mkulima wake. La kumbukumbu nakubali.

Tukuyu

Mnabishana juu ya mzazi mmoja wakati mzigo una wawili. Kakao ya Kyela na Rungwe inauzwa kwa stakabadhi ghalani: kilo za wakulima wengi zinaunganishwa kuwa loti moja, na bei inapatikana kwa loti. Kwa hiyo mzigo ni wa mkulima, na pia ni wa loti. XML hairuhusu elementi moja ikae ndani ya wazazi wawili. Hapo afterUnmarshal haikusaidii. Unahitaji @XmlID kwenye kitambulisho cha Loti, ambacho lazima kiwe String (maandishi), na @XmlIDREF, yaani rejea kwa kitambulisho hicho, kwenye fildi ya loti ndani ya Mzigo.

Na hapa ndipo penye hatari ya kweli. Kitambulisho hicho kwenye skima ni cha aina ya xs:ID, nacho kinatakiwa kiwe cha pekee katika faili zima, si ndani ya AMCOS moja tu. Chama kikuu (muungano wa AMCOS) kikiunganisha mafaili ya AMCOS mbili, zote zikiwa na L3, na mtu akasoma bila kukagua kwa skima, ya pili inaifunika ya kwanza. Mizigo ya chama kimoja inahamia kwenye loti ya chama kingine, bei inabadilika, na programu haisemi neno. Kama loti haipo kabisa, JAXB kwa kawaida inaendelea na kuacha null. Mkulima aliyeleta kilo zake hatajua pesa imepotelea wapi.

Kwa hiyo: kodi ya AMCOS iwe sehemu ya kitambulisho, A07-L3. Kianze na herufi, kwa sababu xs:ID haikubali tarakimu mwanzoni. Skima ipitishwe kwa setSchema kabla ya kusoma.

Kihesa, Iringa

Kwenye loti umenishinda, dada. Ongeza hili: viungo vya IDREF vya mbele (vinavyorejea elementi iliyoandikwa baadaye) hukamilishwa mwisho wa faili, kwa hiyo asiiulize loti ndani ya afterUnmarshal. Na anayesoma mkulima mmoja mmoja kwa XMLStreamReader (kisomaji cha kipande kwa kipande) ili kuokoa kumbukumbu atakosa loti zote, kwa kuwa ziko nje ya kipande anachosoma. Huyo asome loti kwanza, aziweke kwenye Map (ramani ya ufunguo na thamani), aunganishe mwenyewe. Kwa mkulima sijabadilika: kushuka kunatosha.

Mtoa mada, Kyela

Basi narekebisha hoja. Umiliki wa mkulima ubaki kwa kukaa ndani, loti iwe kwa IDREF yenye kodi, na fildi ya mkulima iwe hiari ya mwandishi. Lisilo hiari ni ukaguzi baada ya kusoma: hakuna mzigo wenye loti null, na jumla ya kilo kwa wakulima ilingane na jumla ya kilo kwa loti, kwa BigDecimal (desimali kamili), si double (ya kukadiria).

Bado kuna la kuamua, na naomba wa vyama vikuu waseme: kodi ya AMCOS aigawe nani? Namba ya usajili ya Mrajis wa Vyama vya Ushirika ingefaa, lakini ikiwa na mkwaju au ikianza na tarakimu xs:ID itaikataa.

Tukuyu

Itumieni hiyo hiyo, kwa xs:key na xs:keyref (kanuni za skima za ufunguo na rejea yake) badala ya xs:ID. Hizo hazichagui herufi, na upekee wake unaupangia mipaka ndani ya elementi ya amcos. Ila JAXB haiziunganishi kwa niaba yako, zinakagua tu. Ramani ya loti utaijenga kwa mkono, ufunguo ukiwa kodi pamoja na namba ya loti.