Tupeane uzoefu: Kocha mkuu wa NFL unampima kwa kigezo gani?

Mwenye uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mechi za msimu wa kawaida wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, zikiisha tu, Jumatatu inayofuata makocha wanaanza kufungashiwa virago. Wamarekani wanaiita Jumatatu Nyeusi. Timu ziko 32, kila moja inacheza mechi 17, na kocha aliyeambulia ushindi wa mechi 4 au 5 siku hiyo hata chai haimshuki. Halafu tunawacheka Simba na Yanga kwa kubadilisha makocha!

Kinachonikera ni jinsi tunavyowapima. Kwenye ubishi wowote anatokea mtu anahesabu pete wanazovishwa mabingwa wa Super Bowl, yaani fainali ya NFL, basi, mjadala umefungwa. Kwa hesabu hiyo Marv Levy, aliyeipeleka Buffalo fainali 4 mfululizo akapoteza zote, si lolote si chochote. Hebu tuwe na huruma kidogo.

Uzi huu ni wa ushuhuda. Leta mechi au msimu ulioutazama kwa macho yako ukauona mkono wa kocha, mzuri au mbaya. Orodha za makombe ziko kila mahali, hapa hatuzihitaji.

Naanza mimi. Niko Minnesota, na baridi ya huku inakufanya shabiki wa Vikings utake usitake, maana Jumapili hakuna pa kwenda. Mwaka 2022 alikuja kocha mpya, Kevin O'Connell, akamaliza na ushindi 13 na vipigo 4. Kazini kwetu kila mtu anamwona mkombozi. Ila ukijumlisha pointi za msimu mzima, Vikings walifunga 424 wakafungwa 427. Yaani timu yenye ushindi 13 imefungwa pointi nyingi kuliko ilizofunga! Siri yake ni kwamba mechi za tofauti ya pointi 8 kushuka chini walicheza 11, wakashinda zote 11. Bahati ya namna hiyo haikai mwaka mzima mwingine. Giants wakaja kuwatoa nyumbani kwao kwenye mechi ya kwanza ya mtoano, 31-24, na msimu uliofuata wakaishia 7-10, yaani ushindi 7 na vipigo 10.

Mimi nilimkubali O'Connell kwenye msimu huo wa vipigo 10. Oktoba 2023 kotabeki wake (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi), Kirk Cousins, alikatika mshipa wa kisigino. Siku 2 baadaye wakamleta Joshua Dobbs kutoka Arizona. Jumapili wako Atlanta, kaanza kijana Jaren Hall, akaumia kichwa mapema, ikabidi Dobbs aingie. Jamaa hajafanya mazoezi na kikosi cha kwanza, kitabu cha mbinu hajakimaliza. Sasa sheria inamruhusu kocha kuongea na kotabeki kwa redio iliyo ndani ya helmeti, lakini redio inakatika zikibaki sekunde 15 za kuanzisha mchezo. O'Connell akawa anamtajia mpango, kisha anamweleza nani anakimbilia wapi na amtazame nani kwanza, mpaka redio ikatike. Wakashinda 31-28, pasi ya ushindi ikitupwa ikiwa imebaki chini ya nusu dakika.

Kocha anayeweza kumfundisha mtu kazi huku kazi yenyewe inaendelea, huyo namwamini hata akimaliza 7-10. Haya, endeleeni.

Pete_Sita

Mwenye uzi unazunguka mbuyu. Bill Belichick, pete 6 akiwa kocha mkuu wa New England Patriots. Tukalale.

Baba Nasra

Pete 6, na kotabeki kwenye zote 6 ni Tom Brady. Kabla ya hapo, Cleveland, Belichick alishinda 36 akapoteza 44. Brady alipoondoka 2020: 7-9, 10-7, 8-9, halafu 4-13 wakaachana naye. Brady kafika Tampa, kabeba kombe msimu wa kwanza. Kaa nazo hizo.

Pete_Sita

2008 Brady kaumia mechi ya kwanza kabisa ya msimu. Kaingia Matt Cassel, ambaye hata chuoni hakuwahi kuanza kama kotabeki. Wakamaliza 11-5. Kaa na hiyo na wewe.

Mkesha wa Dar

Kwetu huku Super Bowl inaanza saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Unaitazama sauti ikiwa chini ili usiamshe nyumba, na mlinzi wa getini anachungulia dirishani akidhani ni raga ya watu wanaoogopa kuumia.

Februari 2015, Seattle na New England. Kunakaribia kukucha, Patriots wanaongoza 28-24, Seattle wamebakiza yadi 1 tu na wana Marshawn Lynch, mtu ambaye kumwangusha unahitaji wenzako watatu. Kocha wao Pete Carroll akaita pasi. Malcolm Butler wa Patriots akaidaka, mechi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo Carroll anatajwa kama mfano wa uamuzi wa kijinga.

Mimi sikubaliani. Zilibaki sekunde 26 na Seattle walikuwa na taimauti 1, yaani ruhusa ya kusimamisha saa. Ukikimbia na mpira ukaangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea kutembea, lazima uitumie ile taimauti. Pasi ikidondoka, saa inasimama bure. Kwa hiyo ukitaka kujaribu mara 3, moja iwe pasi. Hesabu ilikuwepo. Kama unamlaumu kwa kuielekeza pasi katikati ya msongamano, hapo nakuelewa.

Ila aliyenishangaza ni wa upande wa pili. Lynch alipoangushwa pale yadi 1 ilikuwa imebaki dakika moja hivi. Belichick ana taimauti, na mimi kwenye kochi nanong'ona "ita, ita," ili Brady abakiziwe muda. Yule mzee kasimama tu, anawatazama Seattle wanavyohangaika kupanga watu. Akaacha saa itembee. Akaingiza mabeki 3 wa pembeni, Butler akiwa mmojawapo, na mengine mnayajua. Nilienda kazini bila kulala, na kitu nilichokuwa nakiwaza kutwa nzima ni uamuzi wa mtu ambaye hakufanya chochote.

Pete_Sita, hiyo ndiyo hoja ungeleta. Siyo pete.

Jirani wa Arrowhead

Mambo vipi wadau. Mimi ni Mkenya, naishi Kansas City, kwa hivyo kocha wetu Andy Reid mtanisamehe nitaongea sana.

Watu wanamsifu leo kana kwamba alizaliwa hivi. Nina rafiki yangu wa Philadelphia, shabiki wa Eagles wa kufa kuzikana, huyo hadi kesho ukimtajia Super Bowl ya Februari 2005 ananyamaza. Eagles walikuwa nyuma 24-14 dhidi ya Patriots, dakika chini ya 6 zimebaki, wanahitaji kufunga mara mbili. Wakatembea! Wanajipanga polepole kana kwamba wao ndio wanaongoza. Wakapata tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la goli) ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 48, wakapoteza 24-21. Saa ilikuwa ugonjwa wa Reid kwa miaka. Alikaa Philadelphia misimu 14, wakamwachisha baada ya 4-12.

Alipokuja huku 2013 alikuta timu iliyotoka 2-14. Mwaka huo huo akaifikisha 11-5, kotabeki akiwa Alex Smith, Patrick Mahomes, kotabeki wetu wa sasa, bado yuko shule. Wanaosema ni Mahomes tu aliyembeba waanzie hapo. Lakini pia Januari 2014 kule Indianapolis tulikuwa mbele 38-10, tukapoteza 45-44. Nilizima TV nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kile kilinifanya nimkubali kabisa ni Super Bowl ya Februari 2023, dhidi ya Eagles hao hao. Mapumziko tuko nyuma 24-14. Kipindi cha mwisho, karibu na mstari wa goli, Kadarius Toney anaanza kukimbia kuelekea katikati kana kwamba anavuka upande wa pili. Mabeki wa Eagles wanaanza kupokezana kumkaba. Ghafla anageuka, anarudi alikotoka. Hakuna mtu, anadaka peke yake. Dakika chache baadaye wakafanya ujanja ule ule upande mwingine na Skyy Moore, naye akawa peke yake! Timu bora kabisa ikaibiwa mara mbili kwa mlango mmoja. Wachezaji hawakukimbia kuliko wengine, wala hakuna aliyeruka juu. Kuna mtu alikaa na video akagundua Eagles wakiona mchezaji anavuka wanafanya hivi. Tukashinda 38-35.

Kigezo changu ni mapumziko. Nitazame timu ikirudi, kama inacheza kitu ambacho haikucheza mwanzo. Halafu mnipe jibu nyie: Februari 2025 Eagles wakatufunga 40-22 na mapumziko tulikuwa 0-24. Hapo hata Reid hakuwa na dawa.

Mgeni Hapa

Naomba kuuliza wakuu, hiyo "jaribio la nne" nasikia sana ni kitu gani? Mtoto wangu anacheza shuleni, mwenzenu napiga makofi tu wengine wakipiga.

Mama Wawili

Karibu dada au kaka. Timu inapewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ukisogea, unapewa 4 mengine. Ukifika la nne unachagua: upige mpira mbali uwape wenzako, au kama uko karibu uupige katikati ya milingoti upate pointi 3, au ujilipue ujaribu kusogea. Ukijilipua ukakosa, mpira ni wao pale pale.

Na umeniita bila kujua, maana mimi ni wa Detroit. Dan Campbell wa Lions ni bingwa wa kujilipua.

Kwanza mjue Lions ni watu gani. Tangu Januari 1992 hawakuwa wameshinda mechi hata moja ya mtoano, mpaka Januari 2024. Mimi natunza wazee majumbani kwao, na mzee mmoja wa Kizungu niliyekuwa naenda kwake Jumapili alikuwa anawatazama huku akitukana kwa utulivu, kama mtu anayesali rozari. Campbell mwaka wa kwanza, 2021, alimaliza ushindi 3, vipigo 13, sare 1. Mwaka wa pili akaanza 1-6. Hapo kwingine angeshafukuzwa. Wakamwacha. Akamaliza 9-8, kisha 12-5, kisha 15-2.

Sasa mechi yangu: Januari 28, 2024, ugenini kwa San Francisco, mshindi anaenda Super Bowl. Mapumziko tunaongoza 24-7. Kipindi cha pili tukiwa 24-10, jaribio la nne, yadi 2, angeweza kuchukua pointi 3. Kajilipua. Josh Reynolds kaachia mpira uliokuwa mikononi. Baadaye tuko nyuma 27-24, jaribio la nne tena, yadi 3, pointi 3 zingesawazisha. Kajilipua tena, pasi ikapotea. Tukafungwa 34-31.

Jiji zima lilimlaani, na mzee wangu alimlaani zaidi. Mimi nilisema, jamani, huyu ndiye aliyetufikisha hapa kwa kujilipua hivi hivi mwaka mzima. Angechukua pointi 3 akapoteza, mngesema ameogopa. Na hapo mpigaji wake angelazimika kupiga mbali, zaidi ya yadi 45, kwa hiyo zile pointi 3 hazikuwa mezani zimefunikwa kawa. La kwanza ni mpira uliodondoshwa, kocha hadaki mpira. La pili ndilo nalilaumu, hapo ningesawazisha. Kwa hiyo mimi kocha simpimi kwa matokeo ya uamuzi. Nauliza: angeamua hivyo hivyo Septemba, wakati hakuna anayemtazama? Campbell angeamua hivyo hivyo.

Baba Nasra

Mama Wawili umeongea vizuri kuliko wachambuzi wa TV.

Mgeni Hapa

Nimeelewa, asante sana mama. Kumbe nilikuwa nashangilia wakati tumepoteza mpira.

Mzee wa Tampa

Nimeishi Florida muda mrefu. Hakuna aliyemtaja Tony Dungy na mimi nimesubiri.

Alikuja Tampa 1996, timu ya kuchekwa. Akajenga safu ya ulinzi ya kutisha pamoja na Monte Kiffin. Akawa anafika mtoano, anakwama, kwa sababu kushambulia kwao kulikuwa kama foleni ya kivuko. Baada ya msimu wa 2001 wakamfukuza. Wakamnunua Jon Gruden kutoka Raiders kwa nafasi za kuchagua wachezaji wapya wa vyuoni, 2 za raundi ya kwanza na 2 za raundi ya pili, pamoja na dola milioni 8. Msimu wake wa kwanza, Super Bowl, 48-21, na waliofungwa ni Raiders wenyewe. Ulinzi ulinasa pasi 5, 3 zikarudishwa moja kwa moja kuwa tachidauni. Ulinzi wa nani ule?

Gruden baada ya hapo: 7-9, kisha 5-11, na hakushinda tena mechi ya mtoano akiwa Tampa. Dungy kaenda Indianapolis, misimu 7, hakuna hata mmoja alioshinda chini ya mechi 10, na Februari 2007 akawa kocha mkuu wa kwanza Mweusi kutwaa Super Bowl. Kocha aliyefungwa siku hiyo ni Lovie Smith, msaidizi wake wa zamani wa Tampa. Mike Tomlin naye Dungy ndiye aliyempa kazi yake ya kwanza NFL, hapo hapo Tampa, na kuanzia 2007 hadi 2024 akiwa kocha mkuu pale Pittsburgh hakumaliza msimu hata mmoja vipigo vikizidi ushindi.

Kocha tazama aliowaacha nyuma. Wachezaji na wasaidizi.

Pete_Sita

Indianapolis alimkuta Peyton Manning, mzee. Na kuhusu wasaidizi: Sean McVay na Kyle Shanahan, ambao nao wamekuwa makocha wakuu, kazi zao za kwanza NFL walizipata Tampa hapo hapo. Kocha mkuu alikuwa Gruden.