Timu ya vijana ya Komoro mbona hatukutani nayo?

Mdau wa Mikindani: Wakuu habari za jioni, hivi hawa jirani zetu Komoro, nchi haifiki hata watu milioni moja, vijana wao wa U20 (chini ya miaka 20) mbona hatukutani nao kwenye mechi za kufuzu na wako hapo tu baharini?

Shangani Mtwara: Mkuu wao wako kanda ya COSAFA (kusini mwa Afrika), sisi Tanzania CECAFA (Afrika Mashariki na Kati), na kufuzu kwa vijana kunaenda kwa kanda, kwahiyo mpaka wote tufuzu AFCON ya vijana, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika. Hata FIFA, Komoro wameingia 2005 tu.

Mama Ndanda: Ila tusiwadharau jamani, wakubwa wao waliitoa Ghana 3-2 kwenye AFCON kule Kameruni januari 2022, japo wengi pale wamekulia Ufaransa, ndo maana vijana wa visiwani nawaonea huruma kupata namba.

Mdau wa Mikindani: Ahsanteni. Mi natamani waje uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara hata kirafiki, jana nimeona dogo anapiga chenga peku mchangani, mpira umeshonwa na uzi wa nyavu, huyo akipata mechi moja ya kimataifa hapahapa nyumbani hataisahau.

Shangani Mtwara: Naunga mkono kabisa kaka.