Naomba ushauri: niiandikeje kasino bila kuipamba?

Ndugu waandishi na wasomaji, naomba ushauri wenu kuhusu riwaya ninayoiandika, ambayo mhusika wake mkuu anapoteza akiba yake yote kwenye meza ya ruleti, mchezo wa kamari ambao mpira mdogo huzungushwa kwenye gurudumu lenye namba. Hadithi nyingi huipamba kasino kwa taa, suti nyeusi na ushindi unaokuja katika mzunguko wa mwisho kabisa. Mimi nataka hesabu iliyofichwa chini ya mapambo hayo ionekane, kwa kuwa gurudumu la Ulaya lina nafasi 37 na anayepatia namba moja hulipwa mara 35 tu ya dau lake, hivyo kadiri anavyoendelea kucheza ndivyo kasino inavyozidi kumla. Dostoyevsky, mwandishi wa Urusi, aliliweza jambo hili mwaka 1866 katika riwaya yake The Gambler (Mcheza Kamari), na naamini ni kwa sababu kamari ilikuwa imemtafuna yeye mwenyewe.

Kinachonisumbua ni onyesho moja: mpira mdogo unagonga kingo, unasita juu ya namba aliyoichagua mhusika wangu, kisha unarukia ya jirani, naye anatabasamu kana kwamba amekaribia kushinda. Je, nimwache msomaji atumaini pamoja naye, au nimfunulie hesabu mapema? Nikieleza sana, onyesho linageuka somo. Nikinyamaza, nahofia kijana atakayelisoma ataona raha pekee. Naombeni mnisaidie, hasa mliowahi kuandika kuhusu uraibu.