Naombeni ushauri: inteki ya hewa baridi inaongeza nguvu kweli au ni sauti tu?

KIJANA WA TABATA
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, leo imenibidi niandike. Nina Subaru Forester SG5 ya turbo, injini EJ205. Kuna fundi ananishauri nitoe boksi la filta la kiwandani nifunge inteki ya hewa baridi, yaani bomba pana la alumini lenye filta ya koni mwishoni, linashuka mpaka nyuma ya bampa ndani ya madigadi. Anasema hewa ikiwa ya baridi injini inapata nguvu na ulaji wa mafuta unapungua. Wengine wananiambia ni kelele tu. Je, nguvu inaongezeka kweli? Naombeni majibu kabla ya Ijumaa. Usingizi sipati.

CHUMA CHA MBEYA
Mkuu, funga, usiwasikilize waoga. Mimi nimefunga kwenye Mark X yangu na tofauti niliiona siku ya kwanza napanda Kitonga. Ukikanyaga unaisikia kabisa inavyovuta pumzi. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kila kidogo kinasaidia. Gari bila sauti ni friji.

MAMA JUNIOR
Mdogo wangu, usingizi unakupotea kwa ajili ya bomba? Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Kila mwisho wa mwezi ni rimu mpya, mara ekzosi, mara taa, na mimi nyumbani nahesabu vibaba vya unga. Siku gari lilipouzwa, mnunuzi hakuongeza hata elfu kumi kwa yale mapambo yote. Kama una akiba, badilisha oili na matairi, ulale.

UMEME WA MAGARI
Nijibu swali lililoulizwa. Kanuni yenyewe ni ya kweli. Ujazo uleule wa hewa ya nyuzi 30 ni mzito kuliko wa nyuzi 60 kwa karibu asilimia 10, na injini inachoma kwa uzito wa hewa. Sasa kafungue boneti uangalie gari yako inavuta hewa wapi. Kwenye Forester mdomo wa boksi uko mbele, juu ya rejeta, nyuma ya shoo, yaani ule wavu wa usoni mwa gari. Gari ikishatembea inavuta hewa ya nje, na imekuwa hivyo tangu ilipotoka Japani. Hewa ya baridi unayotaka kuuziwa unayo tayari. Wenye injini ya kuvuta kwenye chumba cha moto ni wale wanaofunga filta ya koni palepale juu ya injini bila boksi. Hao kwenye foleni ya barabara ya Mandela wanavuta hewa ya moto kuliko mwanzo.

Halafu yako ni turbo. Hewa ikishakandamizwa na turbo inaweza kupita nyuzi 100, ndipo inapoozwa na intakula iliyolala juu ya injini. Lile tundu la kwenye boneti ni la intakula, halihusiani na filta. Nyuzi chache unazookoa kabla ya turbo, nyingi zinapotea humo humo.

Kuhusu mafuta: mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilitoa matokeo ya majaribio ya magari yenye filta zilizozibwa makusudi. Kwenye magari ya EFI, yaani yanayomwaga mafuta kwa nozeli za umeme, ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana, kwa sababu kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inapunguza mafuta kufuata hewa inayoingia. Kilichoshuka ni mchomoko, yaani wepesi wa kuongeza mwendo. Kwa hiyo kama filta iliyoziba haili mafuta, filta iliyo wazi itayaokoa wapi?

Lakini kaka, kwa nini Ijumaa?

KIJANA WA TABATA
Asante sana mkuu Umeme. Ijumaa ni kwa sababu nina safari. Ila fundi huyu ana uzoefu, Subaru za pale gereji anazifunga kila siku na hazina shida. Tuseme mtu ameshafunga. Taa ya chek injini ikiwaka inaweza kuwa ni kitu gani?

NDINGA NYEUSI
Mkuu hiyo inteki ni bei gani na duka liko wapi? Nataka ya Altezza.

UMEME WA MAGARI
"Tuseme mtu ameshafunga." Umeshafunga. Lini?

KIJANA WA TABATA
Ni kweli, ina wiki mbili. Nisameheni, niliogopa mngenitukana badala ya kunisaidia. Taa iliwaka siku ya tatu. Silensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda na kushuka, asubuhi ina misi (inakatakata) kidogo halafu inatulia. Lakini niwe mkweli, barabarani nahisi imechangamka. Ukivuka mizunguko 3,000 kwa dakika inapiga mluzi wa turbo ambao zamani sikuusikia. Siamini kwamba yote hayo ni sauti tu.

UMEME WA MAGARI
Mluzi huo ulikuwepo siku zote, boksi la plastiki lilikuwa linauzuia. Sikio likisikia, makalio yanasadiki. Nimeshuhudia gari ikipimwa nguvu juu ya magurudumu ya chuma, mwenyewe anaapa imeongezeka, mchoro unaonyesha mstari uleule.

Hofu yangu ni sensa ya hewa. Inakaa kwenye bomba mara tu baada ya boksi. Haipimi hewa yote inayopita. Inapima ile inayogusa waya wake, na kontroli boksi inakadiria iliyobaki kwa kipenyo cha bomba la kiwandani ililofundishwa. Ukiihamishia kwenye bomba pana, hewa inapita taratibu mbele ya waya, hesabu inatoka pungufu, nozeli zinamwaga mafuta pungufu. Ukitembea mdogomdogo sensa ya oksijeni inasahihisha. Ukikanyaga mpaka chini haisahihishi tena, na injini ya turbo yenye mzigo mkubwa na mafuta machache inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda. Pistoni za EJ hazigongwi hivyo zikabaki salama.

Kapime kwa mashine. Niletee namba ya kosa, na asilimia ya masahihisho ya mafuta ya muda mrefu, mara mbili: ikiwa kwenye silensa, na ikiwa mizunguko 2,500. Na usikanyage gari hiyo mpaka tumalize.

MZEE WA NAKURU
Vijana, mnanikumbusha mbali. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally hapa Kenya na Subaru Impreza. Mimi nilikuwa kando ya barabara na wanangu wawili, wa mwisho nimembeba mabegani. Tulianza kuona vumbi, sauti ikafuata, na gari likapita kabla mtoto hajamaliza kuuliza ni nani huyo. Siku zile kila gari la mashindano ya rally ya dunia lilifungwa kizibo mbele ya turbo, tundu la milimita 34, hewa yote ya injini ipite hapo. Nguvu zikabaki kama farasi 300 hivi. Kwa hiyo hewa ni nguvu, hilo sikatai.

Lakini jambo lililonikaa ni lingine. Magari ya Safari yalikuwa na bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Waliofukuzana na sekunde walikubali bomba baya lile kwa sababu walijua watavuka mito. Wewe filta umeishusha nyuma ya bampa, shubiri mbili tatu kutoka ardhini, na unaishi mji ambao Jangwani ikijaa mabasi yanasimama. Filta hiyo ikizama, injini inakunywa maji, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inapanda, inakuta ukuta, konrodi inapinda. Sekunde moja. Jirani yangu alimaliza Land Cruiser namna hiyo kwenye mto ambao mbuzi walikuwa wanavuka.

CHUMA CHA MBEYA
Mzee, Mbeya hatuna Jangwani. Ila hilo la sensa sikulijua. Yangu nilihamisha sensa pia. Kesho naipeleka ikapimwe.

MPENDA UKWELI
Subirini. Huu uzi sikubaliani nao. Mwanzo alisema anashauriwa kufunga, mara ameshafunga wiki mbili. Mara ana safari. Picha hakuna hata moja. Na huyu Ndinga Nyeusi anaingia palepale kuuliza duka liko wapi. Nimeona nyuzi za namna hii: hadithi inatungwa, watu wanabishana siku tatu, halafu namba ya simu ya gereji inatokea. Mzee wa watu ametoa kumbukumbu zake kwa moyo kumsaidia mtu ambaye labda hana hata baiskeli. Kijana, kama gari ipo, tuonyeshe.

NDINGA NYEUSI
Kaka mimi nina Altezza na niko Dodoma, simjui huyu mtu. Kuuliza bei ni kosa?

MAMA JUNIOR
Mimi namwamini. Mtu anayetunga hakosi usingizi. Ila mdogo wangu, kuna kitu bado umekificha. Hiyo Ijumaa si ya safari yako.

KIJANA WA TABATA
Nimetoka kwa fundi umeme sasa hivi, sikuleta picha kwa sababu namba za gari zinaonekana. Namba ya kosa ni P0171. Masahihisho: silensa ni 21 juu, kwenye 2,500 ni 19 juu. Sijui maana yake, nimeandika kama nilivyosoma kwenye mashine.

Na Mama Junior umeniona. Gari si yangu. Ni ya shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Yuko Muscat kikazi tangu Machi, aliniachia niwe nampeleka dada kliniki na watoto shule. Anarudi Ijumaa. Sikufanya kwa ubaya. Nilitaka akute gari imependeza kuliko alivyoiacha, maana yeye ndiye aliyenisomesha chuo. Na boksi la zamani sinalo. Fundi alilichukua kama sehemu ya malipo, akanipunguzia elfu themanini. Nimemfuata jana, ameshaliuza.

UMEME WA MAGARI
Mpenda Ukweli, namba hizo hazitungwi na asiye na gari. Kama kungekuwa na tundu au hosi iliyosahaulika, masahihisho yangekuwa makubwa kwenye silensa na yangeshuka sana ukipandisha mzunguko, kwa sababu hewa ya tundu inamezwa na hewa nyingi inayoingia. Yake yanakaribia kulingana huku na huku. Hiyo ni hesabu ya sensa yenyewe iliyokosea, yaani kipenyo cha bomba. P0171 maana yake mchanganyiko una mafuta machache kuliko inavyotakiwa. Kontroli boksi inaongeza moja ya tano kufidia, na bado inalalamika.

Kijana, tiba ni boksi la kiwandani. Kurekebisha programu ya kontroli boksi kunawezekana, ila kwa gari ya mtu mwingine usithubutu. Nenda Ilala kwenye spea zilizotoka Japani, uliza boksi la SG5 ya turbo, lije na mdomo wake wa mbele na bomba la sensa. Nenda na sensa yako mkononi uijaribu palepale. Usikubali kuambiwa "zote zinaingia". Kabla ya kuifunga isafishe kwa dawa ya kupuliza ya sensa za hewa, maana kama filta yako ni ya pamba yenye oili, waya utakuwa umepata utando.

MPENDA UKWELI
Naomba radhi kijana, na kwako pia Ndinga Nyeusi. Nina binamu yuko Ilala, ana mabaki ya Forester mbili. Nimemuuliza, boksi lipo. Njoo faragha nikuelekeze. Na shemeji mpigie leo, asikute kwa jicho lake.

KIJANA WA TABATA
Boksi limefungwa alasiri hii, sensa imesafishwa, taa imezimwa. Asubuhi tutaona kama itarudi.

Shemeji nilimpigia kabla ya kulinunua. Nilimweleza kila kitu, na la boksi kuuzwa. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza kama kuna siku nilipita nalo kwenye maji. Nikamwambia hapana, wiki mbili hizi mvua haijanyesha. Akasema, "Basi dada yako asikose kliniki Alhamisi," akakata.

UMEME WA MAGARI
Alhamisi mpeleke taratibu. Ukirudi, soma masahihisho tena uniandikie hapa.