Nationals 2019: nani hasa alitubeba, Rendon, Strasburg, Soto au Scherzer?

MtuWaPotomac
Wakuu, heshima kwenu. Naona watu wanamkata mchezaji baada ya wiki mbili mbaya, kwa hiyo naomba turudi kwenye msimu ambao wengi wetu tulioko huku Maryland na Virginia ndio uliotutia kwenye besiboli: ule wa timu yetu ya Washington, Nationals.

Tarehe 23 Mei 2019 tuliondoka New York baada ya kufungwa na Mets mechi nne mfululizo. Ushindi 19, vipigo 31. Nyota wetu Bryce Harper alikuwa ameshahamia timu ya Phillies kwa mkataba wa miaka 13, dola milioni 330. Mashabiki walitaka kocha Dave Martinez afukuzwe, na warushaji wetu wa akiba walikuwa wakiingia tu, uongozi unayeyuka. Kutoka hapo tukashinda mechi 74 na kupoteza 38, na Oktoba tukachukua World Series, yaani fainali ya ubingwa.

Mimi nasema mpigaji wetu Anthony Rendon. Wastani wa kupiga .319, mipira 34 aliyoipiga hadi nje ya uwanja, pointi 126 alizoingiza. Hakuwa na mbwembwe. Ukimtazama usoni hujui kama kapiga au katolewa. Lakini timu ilipokuwa shimoni alikuwa anapiga, na ilipotoka shimoni alikuwa bado anapiga. Nanyi pigeni kura, leteni wa kwenu na sababu.

BintiKisauni
Kaka, Rendon simkatai, lakini mbona mrushaji Strasburg unampita hivyo? Mwaka 2012 klabu ilimsimamisha Septemba ili kulinda mkono wake uliofanyiwa upasuaji, na kuanzia hapo kila akiguswa bega watu walisema huyu ni wa kuvunjika. Miaka saba alibebeshwa neno hilo. 2019 akarusha awamu 209 (mechi moja ni awamu tisa), akawatoa wapigaji 251, akashinda mechi 18 na kupoteza 6. Kwenye mtoano akashinda 5, hakupoteza hata moja.

Chukua mchezo wa 6 wa World Series kule Houston, dhidi ya Astros. Tuko nyuma michezo 3-2, tukifungwa tunarudi nyumbani. Awamu ya kwanza Astros wanampiga vibaya, mpigaji wao Bregman anautoa mpira nje ya uwanja. Kumbe mkono wake ulikuwa unafichua aina ya mpira kabla hajaurusha! Kocha wa warushaji, Paul Menhart, akamwambia. Kuanzia hapo ukimwangalia alikuwa anaitikisa glovu kila anaposhika mpira, ili wapigaji wasisome kitu. Hawakupata pointi nyingine kwake, na alitoka awamu ya tisa imeshaanza. Mchezaji anayejirekebisha katikati ya mechi ya kufa na kupona, huyo ndiye wangu. Na tuzo ya mchezaji bora wa World Series alipewa yeye.

Ngaliba_wa_Tabora
Dada Kisauni umeongea. Ila mimi nipo na mrushaji mwingine, Scherzer, na sababu yangu ni ya Juni, si ya Oktoba. Alikuwa anafanya mazoezi ya kugusa mpira kwa gongo, mpira ukamrudia usoni, pua ikavunjika. Kesho yake akapanda kilimani, pale mrushaji anaposimama, dhidi ya Phillies, jicho limevilia damu jeusi tii, akarusha awamu saba bila kuruhusu pointi na kuwatoa kumi. Watu wanasema msimu uligeuka kwa sababu ya wapigaji. Mimi nasema wenzake walipoliona lile jicho, hakuna aliyethubutu tena kulalamika kwamba amechoka.

MtuWaPotomac
Mkuu Ngaliba, lile jicho nalikumbuka. Lakini mrushaji wa kuanza anacheza mara moja kila siku tano. Rendon alikuwa pale karibu kila siku.

Shangazi_Arusha
Wanangu, na mpigaji Juan Soto mnamwacha? Alikuwa na miaka 20. Mchezo ule mmoja wa kufuzu dhidi ya Brewers tuko nyuma 3-1, awamu ya nane, wenzetu wamejaa vituo vyote vitatu, wapigaji wetu wawili wameshatolewa (wa tatu akitoka awamu imekwisha), na anayerusha ni Josh Hader ambaye wapigaji wa mkono wa kushoto walikuwa wanamwogopa. Soto ni wa mkono wa kushoto. Akapiga, mpira ukampita mlinzi wa kulia, wakaingia watatu, 4-3. Bila pigo lile hakuna Strasburg wa Houston, hakuna chochote. Nawapenda wote, ila mtoto yule hakuwa na woga.

KigomaKwetu
Shangazi yuko sahihi, lakini orodha yenu imemsahau mzee wa miaka 36, Howie Kendrick, aliyekuwa amekatika mshipa wa kisigino 2018. Raundi iliyofuata dhidi ya Dodgers, mchezo wa 5, Rendon na Soto walimpiga mrushaji wao Kershaw mipira miwili mfululizo nje ya uwanja wakasawazisha, sawa. Nani alimaliza? Kendrick, awamu ya kumi, vituo vimejaa, pointi nne kwa pigo moja. Na mfululizo ule ule alikuwa amefanya makosa ya ulinzi, watu mtandaoni walitaka akae benchi! Kisha mchezo wa 7 wa World Series mpira wake ukagonga nguzo ya pembeni upande wa kulia, tukaongoza 3-2.

BintiKisauni
Kigoma, huo mpira wa nguzo hata mimi nilipiga ukelele. Lakini pigo moja na msimu mzima ni vitu viwili.

Mgeni_Minneapolis
Naomba kuuliza bila kuchokoza: baada ya hapo Rendon alikwenda timu ya Angels kwa dola milioni 245 kwa miaka saba, Strasburg akabaki kwa fedha hiyo hiyo, na Strasburg akacheza mechi nane tu hadi mwisho. Je, hilo halibadilishi hukumu?

MtuWaPotomac
Halibadilishi, mkuu. Mkataba ni hesabu ya kesho. Tunachopima hapa ni nani alitutoa kwenye 19-31. Majeraha ya baadaye wote wawili yaliwaandama, na hakuna aliyeyataka.

Ngaliba_wa_Tabora
Kabla hamjafunga kura: mchezo wa 7 Scherzer alitoka baada ya awamu tano, shingo ilikuwa imemkaza hadi akakosa mchezo wa 5. Aliyeingia ni Patrick Corbin, awamu tatu, sifuri. Ushindi wa mechi ile uliandikwa kwa jina lake, na hapa hakuna aliyemtaja.

MtuWaPotomac
Corbin naingiza kwenye kura sasa hivi. Wangu bado Rendon. Shangazi, kura yako nimeiandika Soto, sivyo?

Shangazi_Arusha
Soto, mwanangu. Na Kendrick wa pili.