Nilimshika mkono mwenzangu asiyeona, akachukia. Nimekosea wapi?

Chemchemi (mleta uzi): Wakuu, naombeni ushauri. Kazini tumepata mwenzetu mpya, haoni, anatumia fimbo nyeupe. Juzi nilimkuta anakaribia ngazi, nikamshika mkono wenye fimbo nikaanza kumshusha. Akajinasua: "Ungeniuliza kwanza." Tangu hapo nikikutana naye napita kimya, maana hajui kama ni mimi. Nafsi inanisuta. Nia yangu ilikuwa kumsaidia.

Mwendopole: Mimi pia sioni, tangu utotoni. Mkuu, mkono wenye fimbo ndio unaonionyesha njia. Ukiukamata, umenifumba macho mara ya pili, tena kwenye ngazi! Siku nyingine jitaje jina, kisha uliza, "Nikusaidie?" Akikubali, mpe mkono wako aushike yeye, juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Ukianza kushuka, atahisi kabla hajaifikia ngazi. Akikataa, usinune.

Ila hilo la kupita kimya ndilo lililoniuma. Wengi wetu tunawajua watu kwa mwendo na hata kwa kikohozi. Huenda anajua kabisa kwamba unamkwepa.

Magurudumu2: Nakazia hapo kwenye kuuliza. Natumia kiti cha magurudumu, na watu hunijia kwa nyuma wakaanza kunisukuma bila hata salamu. Halafu nikiwa na mdogo wangu, mhudumu anamuuliza yeye: "Huyu anataka nini?" Niulize mimi, nipo hapa.

Tetea: Samahani, naongezea swali. Tuwaiteje? Naogopa kukosea.

Kimya_Kingi: "Mtu mwenye ulemavu" ni salama, ndivyo unavyosema hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006. "Kilema" na "kiwete" zinatuweka ngeli moja na kiti na kijiko. Lakini mimi ni kiziwi na najiita kiziwi bila kinyongo, na viziwi wengi tuko hivyo. Kwa hiyo msikilize mwenyewe anavyojiita. Ukiongea nami nitazame mimi, si mkalimani wa lugha ya alama. Usizibe mdomo, na usipayuke, haisaidii.

Chemchemi: Mrejesho, wakuu. Leo asubuhi nimemfuata, nikajitaja, nikamwomba radhi. Kumbe siku zote alikuwa ananisikia nikipita. Mchana ameniita kwa jina, akaniomba nimsomee tangazo la ubaoni.